Dakika Kumi Baada ya Mchezo

Mwezi uliopita, katika kikao cha wazazi na waandalizi wa mashindano ya sataranji ya watoto hapa Mombasa, lilizuka jambo ambalo nilidhani lingechukua robo saa. Lilichukua asubuhi nzima. Waandalizi walipendekeza kwamba katika mashindano yajayo, kila mchezo ukimalizika, watoto wawili waliocheza wahamie chumba cha pili, wapewe ubao, wakae dakika kumi wakiuangalia mchezo wao pamoja. Bila simu, bila mzazi, bila kocha. Baada ya hapo kila mtu aende zake.

Wazazi wengi walikataa. Mmoja alisema, kwa adabu kabisa, kwamba mtoto aliyetoka kufungwa hafai kuketishwa mbele ya aliyemfunga. Mwingine akasema dakika hizo ni heri mtoto apumzike ajiandae kwa raundi inayofuata. Lakini hoja iliyopigiwa makofi ni ya baba mmoja aliyeinua simu yake juu tuione. Hatua zote za mwanawe huziingiza humo, akasema, na programu humwambia papo hapo mtoto alikosea wapi. Ya nini kuwauliza watoto wawili wasiojua, na jibu liko mkononi?

Nilisimama nikasema machache, na hayakutosha. Nimekuwa mwamuzi wa mashindano ya watoto kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nililotaka kusema halienei katika dakika mbili za kikao.

Sataranji nilifundishwa nyumbani kwetu Mji wa Kale na mjomba wangu, ndugu yake mama. Alikuwa karani bandarini Kilindini, na mchezo huu aliupata kwa mabaharia waliokuwa wakisubiri meli zao zipakuliwe. Nje, barazani, wazee walicheza dhumna na karata, na mtoto wa kike hakuwa na pa kuketi pale. Kwa hiyo baada ya sala ya Isha mjomba aliuleta ubao ndani, akauweka juu ya mkeka, akaniita. Mama alilalamika kwamba kazi za shule zinangoja. Mjomba akamjibu kwamba hii nayo ni kazi ya shule, na mama, kwa kumheshimu kaka yake, akanyamaza.

Mjomba hakujua jina la ufunguzi hata mmoja. Hakuwa na kitabu. Alichokuwa nacho ni tabia moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote. Akishanifunga, hakuzikusanya kete. Alizirudisha hatua tano au sita nyuma, akaushika ubao kwa ncha za vidole, akauzungusha mpaka kete zake zikawa mbele yangu na zangu zikawa mbele yake.

"Haya, sasa wewe ndiwe mimi," alisema. "Nionyeshe vile nilivyokuwa nikikuona."

Mwanzoni nilifurahi, kwa kuwa nilikabidhiwa upande wa mshindi. Furaha haikudumu. Mjomba aliketi nyuma ya kete zangu zilizokuwa zimeshindwa, akapata ndani yake ulinzi ambao mimi sikuuona, na mara nyingine akanifunga kwa jeshi lile lile alilolifunga muda mfupi uliopita. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Sikuelewa kwamba ananifundisha kumwangalia mtu aliye mbele yangu.

Usiku mmoja alizipanga kete chache tu. Kwake mfalme, askofu na askari wa pembeni kabisa, safu ya h. Kwangu mfalme peke yake.

"Askofu huyu atembea miraba gani?"

"Myeupe."

"Na askari huyu akifika mwisho, ataingia mraba gani?"

Niliutazama. Pembe ile, h8, ni nyeusi.

"Basi waona," akasema. "Ukimtia mfalme wako katika pembe hii, askofu hawezi kukutoa. Ana askofu, ana askari, na hana ushindi."

Tukaucheza mara kwa mara, tukigeuza ubao, mpaka nikaweza kumtia mfalme pembeni hata nikiwa na usingizi.

Mashindano yangu ya kwanza nje ya Mombasa yalikuwa Nairobi, likizo ya Agosti, miaka ya mwanzo ya tisini. Tulipanda gari moshi la usiku, wanafunzi wachache na mwalimu wetu wa hesabu, na mahamri aliyonifungia mama yaliisha kabla hatujafika Voi. Asubuhi tuliteremka katika baridi ambayo mtoto wa Pwani haijui. Nilijifunga kanga mbili juu ya sweta. Mashindano yalifanyika katika bwalo la shule moja ya bweni, meza ndefu za kulia chakula zikiwa zimepangwa mbao za sataranji kutoka mwisho hadi mwisho, na harufu ya githeri ikitokea jikoni.

Kwa mara ya kwanza nilicheza kwa saa. Zilikuwa za kukazwa kwa ufunguo, nyuso mbili ubavu kwa ubavu, na juu ya kila uso kibendera chekundu kidogo. Mkono wa dakika ukiikaribia kumi na mbili, ulikiinua kibendera kile polepole, ukiipita, kikaanguka. Kibendera kikianguka hujakamilisha hatua zinazotakiwa, umeshindwa, hata kama ubaoni unaongoza kwa malkia mzima. Nakumbuka sauti ya saa zile zote zikienda kwa pamoja, na watoto zaidi ya mia ndani ya bwalo bila mmoja kusema neno. Sijawahi kukaa na watoto wengi hivyo waliotulia hivyo, wala hakuna mwalimu aliyeshika kiboko.

Siku ya pili, mchana, nilipangiwa mvulana wa shule moja kubwa ya Nairobi. Walikuwa na kocha wao, sare zao, na daftari zenye michezo iliyonakiliwa vitabuni. Nilicheza kete nyeusi. Tangu hatua za mwanzo alinibana. Hatua zake za awali alizicheza haraka, kama mtu anayesoma, nami kila hatua niliitafuta mwenyewe, dakika zangu zikiyeyuka. Mchana ulipokwenda tulibaki na kete chache. Yeye alikuwa na askofu na askari wawili, mmoja katikati na mmoja safu ya h. Mimi nilikuwa na farasi tu. Kocha wake alisimama dirishani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka.

Nikaitazama miraba ya askofu wake. Myeupe.

Nilijua la kufanya, na mkono ulinitetemeka, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo mtu akilitazama kwa mbali angedhani nimekata tamaa. Nilimtoa farasi wangu. Alimla askari wa katikati, na mfalme wa mvulana yule akamla farasi. Sasa nilikuwa na mfalme mtupu. Mvulana akashusha pumzi, akaandika hatua yake kwa mwandiko mzuri, akabonyeza saa. Mimi nikaanza safari ya kwenda pembeni. Alipotambua ninakokwenda, alikuwa amechelewa hatua moja.

Alijaribu kila njia. Alimleta askofu huku na huku, akamleta mfalme wake mpaka g6, akamsukuma askari hadi h6. Mwishowe akamsukuma mpaka h7. Mfalme wangu yuko h8, hatishiwi na chochote, na hana mraba wa kwenda. Kwa sheria, hiyo ni sare. Niliinua mkono, mwamuzi akaja, akautazama ubao, akatutaka tutie sahihi karatasi zetu.

Mlangoni kulikuwa na wenzake. Nilisikia wakimcheka kwamba kashindwa kummaliza msichana. Masikio yake yalibadilika rangi. Nilitarajia aondoke bila kunitazama, na asingekuwa wa kwanza. Akabaki ameketi. Kisha akasema, "Twende nje tuuangalie."

Tuliketi kwenye ngazi za bwalo, juani. Alikuwa na ubao mdogo wa sumaku, wa kufunga kama kitabu. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu pembe: nani alinifundisha? Nikamwambia, mjomba. Kitabu gani? Nikamwambia, hana kitabu. Alilifikiri jibu hilo kwa muda. Kisha tukairudisha nafasi ile yenye farasi wangu na askari wake wawili, nami, kwa mazoea ya nyumbani, nikauzungusha ubao. Alishangaa, lakini akakubali. Kwa muda wote wa alasiri ile nilikuwa nimeiona nafasi ile kwa upande wa mtu anayekufa maji. Sasa niliiona kwa upande wake, nikaona kwamba ushindi aliokuwa nao haukuwa mwepesi hata kidogo.

Nikamuuliza kwa nini hakumsogeza askari wa katikati mapema, kabla sijaleta farasi karibu. Akanionyesha mraba mmoja.

"Niliogopa ungemleta farasi hapa, ukawatishia mfalme na askofu kwa pamoja."

Sikuwa nimeuona mraba ule. Haukunipitia akilini. Mchana kutwa nilimwogopa mvulana huyu mwenye kocha na daftari, naye wakati huo huo aliniogopa mimi kwa hatua ambayo sikuwa nayo. Hilo ndilo lililogeuza mchezo, na halikuandikwa popote katika karatasi zetu mbili. Tusingeketi kwenye ngazi zile, mimi ningerudi Mombasa nikijua kwamba nilijiokoa, naye angerudi kwao akijua kwamba alichezewa bahati mbaya. Wote wawili tungekuwa na habari nusu.

Kocha wake akaja kumwita, akamwambia anapoteza wakati. "Dakika kidogo, mwalimu," akajibu, akachana ukurasa wa daftari lake akanipa. Ulikuwa na hatua za mwanzo za Ulinzi wa Sisilia, na pembeni maelezo yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kabla ya siku hiyo, askari wa mfalme wa mwenzangu akisogea miraba miwili nilimjibu kwa lolote lililonijia. Usiku ule ndani ya gari moshi niliusoma ukurasa ule mpaka nikaukariri. Mwaka uliofuata tulikutana tena, na mvulana yule alinifunga. Tukakaa tena.

Nilipokua niliendelea na mambo mengine, kisha sataranji ikanirudisha kwa mlango wa pili. Nilisomea uamuzi. Kazi ya mwamuzi wa watoto watu hudhani ni kuzijua sheria za Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lile lililoundwa Paris mwaka 1924. Sheria husomwa zikajulikana. Kazi kubwa ni watu wazima.

Kuna sheria ya kugusa: kete yako uliyoigusa kwa kusudi la kuicheza, sharti uicheze, ikiwa ina hatua halali. Ukitaka kuinyoosha tu katika mraba wake, utangaze kwanza. Mwaka mmoja niliitwa kwenye meza ya watoto wawili wa chini ya miaka minane. Mmoja alisema mwenzake amemgusa malkia. Mwenzake alikuwa ameufunga mdomo. Malkia yule angesogea popote angeliwa. Hapakuwa na shahidi, nami sikuwa nimeona. Kwa hali kama ile mwamuzi hana la kufanya ila kuuliza. Nikachutama mpaka uso wangu ukawa sawa na uso wake, nikamuuliza, "Mwanangu, ulimgusa?"

Alinitazama, akautazama ubao. Akanyoosha mkono, akamchukua malkia, akamsogeza, akabonyeza saa. Hakusema neno. Mwenzake akamla.

Alishindwa mchezo ule. Nilipotoka nje nilimkuta baba yake amemshika mkono anamwuliza kwa ukali, "Nani alikuona?" Aliuliza zaidi ya mara moja. Yule mtoto aliyefanya jambo gumu kuliko hatua yoyote iliyochezwa siku ile alikuwa akifundishwa, kabla ya kufika getini, kwamba alikuwa mjinga. Niliongea na baba yule, kwa heshima, na sidhani nilimfikia.

Sisemi kwamba wazazi ni wabaya. Najua kinachowasukuma. FIDE ilianza kutumia viwango vya Elo, namba inayoonyesha nguvu ya mchezaji, mwaka 1970, na leo mtoto hupata namba yake akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Mchezaji wa chini ya miaka 18 hupimwa kwa kipimo cha 40, ambapo mtu mzima wa kawaida hupimwa kwa 20. Maana yake, mtoto akifungwa na mwenzake wa kiwango sawa hupoteza pointi 20 kwa mchezo mmoja, wakati mtu mzima angepoteza 10. Mzazi amelipa ada, amelipa nauli, amelipa kocha, na namba ile inapanda na kushuka mbele ya macho yake wikendi nzima. Si ajabu akimpokea mtoto mlangoni na simu. Lakini kipimo kile kiliwekwa kikubwa kwa sababu watoto hubadilika upesi. Namba ya leo haitakuwepo baada ya miezi michache, iwe imepanda au imeshuka.

Kuhusu aliyefungwa kutowekwa mbele ya aliyemfunga, nitasimulia niliyoyaona mwaka jana. Wasichana wawili walimaliza mchezo mrefu. Aliyeshindwa, mdogo wa mwili, alitoka ukumbini machozi yakimtiririka, akasimama ukutani. Wazazi wake walikuwa hawajafika. Aliyeshinda alitoka nyuma yake, akasimama hatua mbili tatu kutoka kwake, hajui afanye nini. Kisha akamwambia, "Ulipomleta farasi pale kati, mimi nilidhani nimekwisha."

Yule mdogo akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Kweli?"

"Haki ya Mungu. Mikono ilinitoka jasho."

Wakaomba ubao. Niliwapa wa kwangu. Nilipopita tena walikuwa wakibishana kuhusu ngome, na yule mdogo ndiye aliyekuwa akishika kete nyingi zaidi. Mzazi gani, kocha gani, programu gani ingeweza kumpa mtoto yule maneno yale? Kutoka kwa mama yake yangekuwa faraja. Kutoka kwa aliyemshinda yalikuwa ushahidi.

Katika Afrika yetu hii watoto wamefundishana sataranji tangu kabla ya makocha kupatikana. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alifika kwenye darasa la Robert Katende akimfuata kaka yake, mahali ambapo watoto walipewa uji na kufundishwa mchezo. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 Phiona aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2016 hadithi yake ikawa filamu ya Mira Nair ambayo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake. Watu huikumbuka filamu kwa umaskini ulioonyeshwa. Mimi nafikiri zaidi juu ya yule mtoto mdogo aliyekaa na mgeni akamwonyesha askari anakwenda wapi. Kenny Solomon wa Mitchells Plain, Cape Town, aliyekuwa Grandmasta wa kwanza wa Afrika Kusini mwaka 2014, alivutwa na mchezo huu na ndugu yake wa nyumbani. Tumefika hapa kwa kuketi pamoja.

Sasa niseme juu ya simu, maana sitaki nieleweke vibaya. Programu zinajua sataranji kuliko binadamu yeyote. Tangu Mei 1997, kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov jijini New York, ubishi juu ya hilo umepungua, na leo Stockfish, ambayo mtu huipata bure, ingemfunga bingwa wa dunia. Nami huitumia nikijiandaa kufundisha. Mtoto wa Lamu au Kigoma asiye na kocha amepata mwalimu ambaye watoto wa wakati wetu hawakumwota, na ninaishukuru teknolojia hiyo kwa moyo wote.

Ila tazama inachomwambia mtoto aliyetoka mezani sasa hivi. Inamwambia kwamba hatua ya 23 ilikuwa mbovu na hatua bora ilikuwa hii. Jibu ni sahihi. Mtoto analimeza, anaitikia kwa kichwa, na hajafikiri lolote. Hajaulizwa alikuwa akitafuta nini alipoicheza hatua ile ya 23. Hajajua mwenzake aliiogopa au aliifurahia. Programu haikuwepo pale mezani, haikuona mkono ukisita juu ya farasi, haikuwa na haraka, haikuwa na hofu, na mchezo wa watoto huamuliwa na hayo. Kama mimi na yule mvulana tungekuwa na simu kwenye zile ngazi, ingetuambia kwa sekunde moja kwamba alipaswa kumsogeza askari mapema. Isingetuambia kwa nini hakumsogeza.

Desemba 12, 2024, kule Singapore, Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 18, alimshinda Ding Liren wa China katika mchezo wa 14 na wa mwisho, akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliowahi kutwaa taji hilo bila ubishi. Mchezo ulikuwa unaelekea sare. Askofu wa Ding alikuwa amekwama pembeni, a8, na Ding akaipeleka ngome yake mahali ambapo Gukesh aliweza kubadilishana ngome, kisha kumlazimisha askofu yule abadilishwe pia, akabaki na ushindi wa mfalme na askari. Nilikuwa nikifuatilia, na nilipoiona hatua ile ya ngome nilijishika kichwa. Ding alikubali kushindwa, akatoa mkono.

Nawaomba wazazi waitazame tena picha ya dakika zilizofuata. Kijana analia, kamera za dunia nzima ziko usoni kwake, naye anazirudisha kete zote mahali pa kuanzia, moja baada ya nyingine, kabla ya kuinuka. Baba yake, daktari wa upasuaji aliyeiacha kazi yake ili asafiri naye kwenye mashindano tangu utotoni, alikuwa nje ya ukumbi. Baadaye Gukesh alizungumza juu ya Ding kama bingwa wa kweli aliyepigana mpaka mwisho, na Ding naye akasema matokeo ni ya haki. Hakuna aliyewalazimisha. Naamini walijifunza hayo wakiwa wadogo, mezani, kwa watu waliowashinda na kwa watu ambao wao waliwashinda.

Kikao chetu kiliahirishwa bila uamuzi, na kitarudi mwezi ujao. Najua wapo watakaosema dakika kumi kwa kila jozi zitachelewesha ratiba. Hazitachelewesha: michezo haimaliziki pamoja, na kati ya raundi na raundi watoto hukaa wakingoja upangaji. Chumba kipo. Mbao zipo. Tunachohitaji ni watu wazima wakubali kusubiri nje kwa muda mfupi kuliko ule wanaosubiri chai.

Kwa hiyo naomba, mzazi mwenzangu, mwalimu, kocha. Mwanao akitoka ukumbini, usimuulize kwanza kama ameshinda. Muulize mwenzake alikuwa akifikiria nini. Akisema hajui, mrudishe mlangoni akamtafute, na simu ibaki mfukoni mwako mpaka mfike nyumbani. Na kama utakuwa kwenye kikao cha mwezi ujao, tafadhali piga kura kuunga mkono zile dakika kumi.